Jinsi ya kuusoma mto wa barafu wa Taylor kwa ramani, uzi na kalamu tatu

Nafundisha jiografia Njombe. Barafu niliyoigusa kwa mkono wangu ni ya friza, na ile sakitu ya Juni na Julai inayounguza majani ya viazi kwa usiku mmoja. Antaktika sijafika, wala sina dalili ya kufika. Lakini nikifumba macho naweza kukuelekeza kutoka ufukweni mwa Bahari ya Ross hadi juu kwenye uwanda wa barafu, nikutajie kila ziwa utakalolipita na liko mkono gani, kama ninavyomwelekeza mgeni kutoka stendi hadi sokoni. Yote hayo nimeyapata kwenye ramani. Vijana wangu wa kidato cha tano nao wameyapata huko huko. Nakuandikia njia yenyewe hapa, pamoja na sehemu mbili nilizojikwaa, ili wewe uziruke.

Mto wenyewe unaitwa Taylor. Uko Antaktika, katika eneo la Victoria Land, upande unaotazamana na New Zealand. Urefu wake ni kama kilomita 54. Unashuka kutoka uwanda wa juu wa barafu, unapita katikati ya milima, halafu unakoma ghafla ndani ya bonde kavu lisilo na barafu, kama mtu aliyefika mlangoni akakataa kuingia.

Watu huniuliza kwa nini nisiwafundishe watoto kwa ramani ya Livingstone au ya Kipengere, milima wanayoiona wakitoka bwenini. Naitumia hiyo pia. Tatizo ni kwamba nchi yetu imevaa nguo. Misindano, chai, migomba, mabati ya nyumba, vyote vinafunika umbo la ardhi, na mtoto akitazama picha ya setilaiti anaona kijani tu. Kule kwa Taylor nchi iko uchi. Hakuna jani moja la nyasi. Mwamba ni mwamba, barafu ni barafu, na mpaka kati ya viwili hivi ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ambazo wanafunzi wangu walikuwa wakizikariri kama shairi, kwa Taylor walizielewa.

Neno moja kabla ya kuanza. Wako wanaosema barafuto. Mimi darasani nasema mto wa barafu, kwa sababu neno mto linamkumbusha mtoto kwamba kitu hiki kinatembea. Taylor hutembea mita chache tu kwa mwaka, lakini hutembea. Ukishakubali kwamba ni mto, maswali yake ni yale yale ya Ruhuji au Rufiji: unaanzia wapi, unapita wapi, unamwaga wapi.

Vifaa havina gharama. Tafuta uzi wa kushonea usiovutika, rula, karatasi ya kunakilia ramani, na kalamu tatu: bluu ya barafu, kahawia ya mwamba, nyekundu ya mishale. Ramani yenyewe utaipata mtandaoni. Uko mkusanyiko wa bure uitwao Quantarctica, uliotayarishwa na Taasisi ya Polar ya Norway, unaofunguka ndani ya QGIS, programu ya kompyuta ya kusomea ramani. Ni mzito, unakula bando, hivyo upakue sehemu yenye intaneti ya ofisi. Ukishindwa, tafuta ramani ya Wamarekani ya kipimio cha 1:250,000 na picha moja ya setilaiti ya Landsat. Sisi shuleni tulichapisha kurasa nne kwa printa ya ofisi ya taaluma, tukaziunganisha kwa gundi, na mpaka leo naambiwa nilimaliza wino.

Sasa tafuta mahali. Andika 77°44′ Kusini, 162°10′ Mashariki. Na hapa ndipo nilipojikwaa mara ya kwanza.

Nilitumia ramani ya kawaida ya simu. Nikaweka kipimio nikiwa juu ya Tanzania: sentimita moja ni kilomita kadhaa. Halafu, bila kukuza wala kupunguza, nikaivuta ramani mpaka Antaktika nikapima Taylor kwa rula. Nikapata zaidi ya kilomita 250. Nikawaambia watoto kwa kujiamini kabisa. Wiki iliyofuata nikasoma kwamba ni 54, nikarudi darasani na uso umeniiva.

Kosa halikuwa la rula. Ramani hizo za simu huchorwa kwa mtindo wa Mercator, ambao hunyoosha mistari yote ya longitudo isimame sambamba kama nguzo za ua. Katika dunia halisi mistari hiyo inakaribiana kadiri unavyoelekea ncha, mpaka inakutana. Pale Njombe digrii moja ya longitudo ina upana wa karibu kilomita 110. Pale kwa Taylor digrii hiyo hiyo ina kilomita 23.7 tu. Ili kuificha tofauti hiyo, ramani hulivuta kila kitu: kwenye latitudo ya Taylor vitu vinaonekana virefu karibu mara 4.7 kuliko vilivyo, na eneo linavimba zaidi ya mara 20. Chukua 54 uzidishe kwa 4.7, utaiona ile aibu yangu.

Ukitaka kujipima kama umeelewa, fanya hesabu hii. Kituo cha McMurdo cha Wamarekani kiko Kisiwa cha Ross, karibu na 166°40′ Mashariki. Ziwa Bonney, lililo mwishoni mwa Taylor, liko karibu na 162°24′. Tofauti ni digrii nne na robo hivi. Zidisha kwa 23.7. Utapata kama kilomita 100, na ndio umbali ambao helikopta za watafiti huruka kuvuka mlango wa bahari wa McMurdo. Mwanafunzi akipata 470, ujue bado anaishi Njombe.

Dawa ni kutumia ramani ya ncha, ile inayoichora Antaktika kama sinia la duara lenye Ncha ya Kusini katikati. Umbali unakuwa wa kweli au karibu na kweli. Lakini unapona ugonjwa mmoja unapata mwingine, na hapo nilijikwaa mara ya pili.

Kwenye sinia hilo kusini ni katikati, kwa hiyo kaskazini ni kila upande unaotoka nje. Longitudo ya 0 imewekwa juu, 90 Mashariki iko kulia, 180 iko chini. Taylor, akiwa 162 Mashariki, anaangukia chini, kulia kidogo. Maana yake pale alipo kaskazini iko chini ya ukurasa, na mashariki iko kushoto. Bahari, ambayo kweli iko mashariki ya bonde, inaonekana kushoto. Uwanda wa juu, ulio magharibi, unaonekana kulia. Sikuligundua hilo. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida husinzia, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mbona mto wa magharibi unatokea mashariki?" Nilimjibu vibaya. Alikuwa amesema kweli.

Kwa hiyo, kabla hujasoma jina lolote, fanya hivi. Weka kalamu kwenye Ncha ya Kusini, vuta mstari mpaka kwa Taylor, endelea nao mpaka baharini. Mwelekeo wa kalamu yako ndio kaskazini ya pale. Chora mshale mwekundu. Halafu geuza karatasi nzima mpaka mshale uelekee juu. Majina yatakuwa kichwa chini, na ni vizuri yawe hivyo, yatakulazimisha utazame ardhi badala ya maandishi.

Kuigeuza karatasi kunakuponya pia na tatizo la vivuli. Pale Taylor, mchana jua liko kaskazini. Katikati ya Desemba, saa sita mchana ya kule, halizidi nyuzi 36 juu ya upeo. Kwa hiyo vivuli vya milima ni virefu na vinaangukia kusini. Ukiangalia picha iliyogeuzwa, kaskazini chini, mwanga unaonekana kutokea chini ya ukurasa, na macho ya binadamu hayajazoea. Mabonde yanageuka kuwa migongo, vilele vinakuwa mashimo. Nimemwona mwalimu mwenzangu wa hisabati akibishana nami dakika kumi kwamba bonde ni kilima. Nikaigeuza picha, akanyamaza.

Hili la jua lina vituko vyake. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka karibu tarehe 20 Februari jua halizami pale. Linazunguka tu angani, na hata usiku wa manane, Desemba, liko nyuzi 11 juu ya upeo wa kusini. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tungepata taabu. Saa moja asubuhi ya wapi, kama jua halijachomoza tangu Oktoba? Watafiti wa McMurdo hufuata saa za New Zealand. Sisi tukila chakula cha mchana saa sita Desemba, kule ni saa nne usiku, na mtu anavaa miwani ya jua.

Ukishajua kaskazini, usianzie juu ya mto. Anzia chini, baharini. Hii ni kanuni yangu na sijali vitabu vinasemaje: mgeni huingia kwa mlango.

Mlango hapa ni ghuba iitwayo New Harbour, upande wa magharibi wa mlango wa bahari wa McMurdo. Ukisimama hapo kisha ukageuka nyuma, mashariki, ng'ambo ya bahari iliyoganda kuna Kisiwa cha Ross na volkano hai ya Erebus, mita 3,794, ikitoa moshi. Sasa igeukie nchi kavu. Mbele yako, magharibi, linafunguka Bonde la Taylor. Weka mwanzo wa uzi ufukweni, uulaze katikati ya bonde, ufuate kila kona mpaka unapogusa ncha ya barafu. Ukinyoosha uzi huo juu ya rula, kwenye kipimio cha 1:250,000, utapata kama sentimita 13, nazo ni kilomita 33 hivi za udongo, changarawe na mawe bila barafu.

Kabla hujaendelea jiulize: Antaktika, bara la barafu, kwa nini hapa ni kukavu? Kalamu ya kahawia itakusaidia. Paka kahawia safu ya milima ya Transantarctic inayopita magharibi ya bonde. Utaona ni ukuta. Barafu kubwa ya sehemu ya bara iitwayo Antaktika ya Mashariki imeegemea nyuma ya ukuta huo, na inapenya kwenye nyufa chache tu. Theluji inayoanguka mabondeni, ukiiyeyusha, haifikii milimita 100 za maji kwa mwaka; Njombe tunapata zaidi ya 1,000. Na kuna upepo. Hewa baridi na nzito huporomoka kutoka uwanda wa juu, na ikishuka inabanwa na kupata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Ikifika bondeni ni kavu mno, inaramba theluji ikiwa bado haijawa maji. Inatoka kuwa kitu kigumu inakuwa mvuke moja kwa moja, kama nyama inavyokauka kwenye friza ukiisahau. Mabonde haya makavu, Taylor pamoja na jirani zake Wright na Victoria, yana jumla ya kilomita za mraba kama 4,500 zisizo na barafu.

Endelea na uzi. Mkono wako wa kushoto, kusini, unakwenda na vilima vya Kukri, vilivyopewa jina la kile kisu kilichopinda cha Wagurkha wa Nepali. Tazama umbo lake kwenye ramani utaona sababu. Mkono wa kulia ni safu ya Asgard. Kutoka Asgard inaning'inia mito midogo ya barafu, na hii ndiyo nguzo zako za kuhesabia njia. Kwanza Commonwealth. Halafu Ziwa Fryxell. Halafu mto wa barafu wa Canada, uliojitupa katikati ya bonde na kusimama kama ukuta; nyuma yake maji yamezuiwa yakawa Ziwa Hoare. Ukuta huo ukiondoka leo, ziwa nalo litaondoka. Baada ya Hoare kuna kiziwa kidogo sana.

Kiziwa hicho kinaitwa Chad. Ndiyo, kwa heshima ya Ziwa Chad letu la Afrika, jina walilolitoa wapimaji wa msafara wa Robert Scott, mpelelezi Mwingereza, wa 1910 hadi 1913. Darasa langu lilipiga makofi. Kalizungushie duara, ni haki yako.

Baada ya Chad mto wa barafu wa Suess unaliziba bonde karibu lote na kukuachia kijia chembamba kati yake na mgongo wa mwamba. Pita hapo, na mbele yako litafunguka Ziwa Bonney, refu, lenye vyumba viwili vilivyoungana kwa mlango mwembamba. Huo mlango uwekee alama, tutaurudia.

Maziwa haya yamefunikwa na barafu ya mita tatu hadi tano mwaka mzima, lakini chini kuna maji. Bonney lina kina cha mita 40 hivi, na maji yake hayana pa kutokea. Mtoto wa Njombe hahitaji kuelezwa sana hapo: ni kama Rukwa. Maji yanaingia majira ya joto ya kule kutoka barafu inayoyeyuka kidogo, yanaondoka kwa kupanda angani tu, na chumvi inabaki. Ndiyo maana chini ya Bonney maji ni ya chumvi kupita bahari.

Na sasa ncha ya Taylor. Ni genge la barafu lenye kimo cha zaidi ya mita 20, linaangalia chumba cha magharibi cha Bonney. Upande wake wa kaskazini tia nukta nyekundu, ruhusa ya pekee kwa kalamu ya mishale. Hapo barafu inavuja damu.

Griffith Taylor, mwanajiolojia aliyekulia Australia, alipaona 1911 akadhani rangi ile ni ya mwani. Siyo mwani. Chini ya barafu kuna maji ya chumvi kali, kuzidi bahari mara mbili au tatu, ndiyo sababu hayagandi. Yamekaa gizani bila oksijeni, yakajaa madini ya chuma. Yakitoka nje na kugusa hewa, chuma kinapata kutu, kama bati la zamani likinyeshewa. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa ndani ya maji hayo wanaishi vijidudu visivyohitaji mwanga. Mwaka 2015 vipimo vya umeme na sumaku vilivyobebwa na helikopta vilionyesha kuwa maji ya namna hiyo yametandaa chini ya ardhi ya bonde, na 2017 rada ikafuatilia njia yake ndani ya barafu. Mahali hapo sasa panalindwa kwa mkataba tangu 2012. Wanafunzi wangu hutaka kukaa hapa kipindi kizima. Wape dakika tano, halafu wapandishe juu, kwa sababu somo lenyewe la ramani liko huko.

Juu ya barafu shika kontua. Kwenye ramani za Kimarekani kontua za juu ya barafu ni za bluu, za mwamba ni za kahawia, hivyo hata bila kupaka rangi unajua umekanyaga nini. Tazama jinsi zinavyovuka mto. Sehemu ya chini ya Taylor kontua zinajipinda kuelekea bondeni, kama tumbo lililotangulia. Maana yake katikati ya mto kumeinuka kuliko kingo, na hapo ndipo barafu inapotea kwa upepo na jua. Panda juu zaidi, karibu na uwanda, upindaji unageuka: kontua zinarudi nyuma, katikati kumebonyea kama bakuli. Hapo theluji inajikusanya. Tafuta mahali ambapo kontua zinavuka mto zikiwa zimenyooka. Karibu na hapo ndipo mapato na matumizi ya barafu yanalingana. Hii ni mbinu ninayoipenda kuliko zote. Huna haja ya kipimajoto, unasoma bajeti ya mto kwa kutazama mistari.

Thibitisha kwa picha ya setilaiti. Theluji ni nyeupe, barafu iliyovuliwa theluji ni ya samawati. Taylor ana samawati nyingi mno, kwa sababu ule upepo unafagia. Barafu ya zamani sana inafika juu yenyewe, na wanasayansi huikata usoni pa mto kutafuta hewa ya enzi za kale badala ya kuchimba mamia ya mita.

Sasa fundo. Fuata mto kwenda juu mpaka mlima uitwao Knobhead. Usiache uzi hapa, maana walioacha walikosea kwa miaka minane.

Msafara wa meli ya Discovery, 1901 hadi 1904, ndio uliofika kwanza. Waliona barafu ikishuka kutoka uwandani mpaka Knobhead, na upande wa pili waliona barafu ikishuka kusini ya vilima vya Kukri hadi New Harbour. Wakaunganisha ya juu na ya chini, wakaita yote Ferrar, jina la mwanajiolojia wao Hartley Ferrar. Jambo la kawaida kabisa; hata mimi ningeunganisha. Desemba 1903 Scott, Edgar Evans na William Lashly wakirudi kutoka uwandani waliteremka ndani ya bonde kavu, wakakuta mawe, mchanga na mifupa ya sili, na Scott akaliita bonde la wafu. Ila hawakulitegua fundo.

Mwaka 1911 Griffith Taylor alikwenda na Frank Debenham, Charles Wright na huyo huyo Edgar Evans. Wakatazama jinsi barafu inavyotembea hasa. Kumbe ile ya juu haiendi kusini ya Kukri. Ikifika Knobhead inakunja kaskazini na kuingia bonde lile kavu. Ile ya kusini ya Kukri ni mto mwingine. Miwili hii imegusana ubavu kwa ubavu pale Knobhead kama pacha walioungana, kila mmoja na safari yake. Scott akaupa wa kaskazini jina la Taylor, wa kusini ukabaki Ferrar. Ajabu ni kwamba vyote viwili vinaelekea ghuba moja ya New Harbour: Ferrar anafikisha barafu yake baharini, Taylor anaishia njiani kilomita 33 kabla.

Unaweza kuwarudia kazi yao mezani. Chukua picha ya setilaiti, kuza pale Knobhead, utaona michirizi juu ya barafu, mingine ni ya mawe yaliyobebwa. Michirizi ya mto wa barafu haikatani; inakwenda sambamba kama nyuzi za kitenge. Chagua mmoja wa kaskazini ufuate kwa kalamu nyekundu, halafu mmoja wa kusini. Tazama unapoachana nao. Nikiwapa wanafunzi karatasi isiyo na majina, wengi huunganisha kama Discovery walivyofanya, na mimi huwaacha kwanza wamalize.

Ukimaliza fundo, sehemu iliyobaki ni ya haraka. Kusini, baada ya Knobhead, kuna Bonde la Beacon na mlima Finger. Kwenye magenge yao utaona mikanda myeusi ikikatiza mawe ya mchanga ya rangi hafifu. Hiyo ni doleraiti, mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi ukajipenyeza kati ya tabaka na kuganda humo kama miaka milioni 183 iliyopita, bara la kale la Gondwana lilipoanza kupasuka. Mawe ya ukoo huo yako pia Karoo, Afrika Kusini. Kisha milima inaisha, kontua zinaachana, rangi ya kahawia inakwisha kabisa kwenye kalamu yako, na umefika kwenye kuba la barafu liitwalo Taylor Dome, ambako mto unaanzia.

Wapo watakaouliza namna ya kwenda. Njia karibu zote ni programu za kitaifa za utafiti, za Marekani na New Zealand hasa. Tangu 2004 mabonde haya yana hadhi ya eneo linalosimamiwa kwa namna ya pekee chini ya Mkataba wa Antaktika, na kila kitu ulichoingia nacho unatoka nacho, pamoja na mkojo wako ndani ya chupa. Kidato cha tano kilihitaji muda kutulia baada ya hapo.

Sasa rudi kwenye ule mlango mwembamba wa Bonney. Mwaka 1903 Scott aliupima, ukawa futi 17, yaani mita tano na kidogo. Jaribu kuupima kwenye ramani ya 1:250,000. Mita tano kwa kipimio hicho ni sehemu mbili za mia za milimita; uzi wako wa kushonea ni mnene kuliko hapo mara nyingi sana. Weka uzi pembeni, fungua picha ya setilaiti ya Sentinel-2, ambayo kila kidoa chake ni mita 10, ukuze mpaka vidoa vionekane mraba mraba. Hesabu vidoa vya barafu ya ziwa kati ya ukingo na ukingo. Kama mlango ungekuwa ule wa Scott usingejaza hata kidoa kimoja. Utavikuta kadhaa, kwa sababu tangu wakati huo ziwa limepanda kwa zaidi ya mita 10. Andika hesabu yako pembeni mwa ramani kwa penseli, na tarehe ya picha. Mimi nina za miaka mitatu sasa, zimeandikwa na watoto watatu tofauti, na mmoja wao ni yule wa nyuma aliyekuwa anasinzia.